Chora njia ya ishara ya melanoma kwa penseli, hatua kwa hatua

Katika kufundisha wanaoanza kazi maabara, nimeshazoea kukutana na mtu anayeimba RAS, RAF, MEK, ERK, yaani protini zinazopokezana ujumbe wa ukuaji ndani ya seli, bila kukosea, lakini ukimpa ripoti ya jeni ya mgonjwa wa melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) anaduwaa. Tiba yake ni karatasi na penseli. Kalamu weka kando, maana utafuta sana.

Hatua ya 1: Chora njia ikiwa nzima

Mstari wa juu ni utando wa seli, duara la chini ni kiini. Kwenye utando weka kipokezi, kisha shuka: RAS, BRAF (mojawapo ya RAF), MEK, ERK. Kipokezi kikishikwa na kichocheo cha ukuaji, RAS inaamka na kuiamsha BRAF. BRAF inabandika fosfeti kwenye MEK, MEK kwenye ERK, na ERK inaingia kwenye kiini kuwasha jeni za kugawanyika kwa seli.

Sasa ongeza mshale ambao karibu kila mtu huusahau: unaorudi juu, kutoka ERK hadi RAS, wenye ncha butu. Hiyo ni breki. Ujumbe ukishafika, seli yenye afya hujituliza yenyewe.

Hatua ya 2: Iharibu BRAF

Ripoti inasema V600E. Isome polepole: kwenye nafasi ya 600 ya mnyororo wa amino asidi wa BRAF, valini (V) imetoka na asidi ya glutamiki (E) imeingia. Kwenye DNA ni herufi moja tu, T imegeuka A. Lakini asidi ya glutamiki ina chaji hasi, tena imekaa jirani na pale fosfeti hubandikwa BRAF inapoamshwa. Protini inakaa kana kwamba imeshaamshwa.

Futa mshale wa RAS kwenda BRAF. Breki bado inabana huko juu, ila moto sasa unaanzia chini yake.

Kosa hili, lililotangazwa mwaka 2002, liko katika takribani nusu ya melanoma za ngozi. Kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha ni nadra zaidi. Huko mara nyingine kosa liko juu kabisa, kwenye kipokezi KIT.

Hatua ya 3: Chora ulinzi wa pili

Vile vidoa vyeusi vya kawaida mwilini, visivyo saratani, vingi vina V600E hiyohiyo na hutulia miaka mingi. Kwa hiyo BRAF peke yake haitoshi. Ndani ya kiini andika p16, inayotoka kwenye jeni CDKN2A na kuzuia seli isigawanyike. Ifute. Pembeni andika PTEN, breki ya PI3K, njia nyingine ya ukuaji, nayo uifute. Hapo ndipo mchoro wako unaanza kufanana na melanoma.

Hatua ya 4: Weka dawa

Kanuni yangu: dawa ikae penye kosa au chini yake. Vemurafenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, inaizuia BRAF yenye V600E.

Kosa likiwa kwenye NRAS (mojawapo ya RAS), tahadhari. RAS iliyowaka huzifanya RAF zisizo na kosa zikae mbili mbili; dawa ikiishika moja, mwenzake anachangamka. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa vemurafenib waliota saratani ya seli bapa kwenye ngozi iliyokuwa tayari na kosa la RAS. Kuongeza kizuizi cha MEK, mfano trametinib pamoja na dabrafenib (kizuizi kingine cha BRAF), kunapunguza tatizo hilo. Tazama mchoro: MEK iko chini ya RAF zote.

Hatua ya 5: Geuza karatasi

Saratani nyingine ya ngozi, ya seli za msingi, ina njia yake ya protini, usiichanganye na ya kwanza. PTCH1 humkalia SMO, yaani humzuia asifanye kazi. Ikiharibika, SMO anaachiwa, na GLI inaingia kwenye kiini kuwasha jeni. Vismodegib inamzuia SMO.

Zoezi: kati ya SMO na GLI kuna SUFU, inayoishikilia GLI. Ripoti inasema SUFU imeharibika. Je, vismodegib itasaidia? Chora kabla ya kujibu.