Kusoma Mabadiliko ya Uoto Shambani na Kuyatumia kwa Faida

Mwaka 1882, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, sehemu ndogo ya shamba la ngano liitwalo Broadbalk iliachwa bila kuvunwa na haikulimwa tena. Ngano ilijiotea yenyewe, ikazidiwa na magugu, na baada ya miaka minne ilibaki miche michache iliyodumaa. Baadaye vichaka vilishika nafasi, kisha miti, na leo hapo ni msitu. Jambo la kuvutia zaidi kwa mkulima liko kwenye sehemu jirani ya eneo hilohilo, ambako miche ya miti imekuwa ikiondolewa kila mwaka: huko hakuna msitu, bali nyasi na mimea midogo ya majani mapana. Mvua ni ileile na udongo ulianza ukiwa uleule, lakini mkono wa mtu umeizuia jamii moja ya mimea isiipokee nyingine.

Mabadiliko ya namna hiyo huitwa mfuatano wa kiikolojia. Jamii ya mimea, wadudu na vijidudu inapokaa mahali, hubadilisha mwanga, unyevu na udongo wa mahali hapo, na mara nyingi hali mpya huwafaa viumbe wengine kuliko wale walioileta. Kwenye mwamba mtupu au lava iliyopoa safari hiyo huchukua muda mrefu sana kwa sababu hata udongo wenyewe haujaundwa. Shambani mambo huenda kwa kasi, kwa kuwa udongo upo, visiki na mizizi vimesalia ardhini, na mbegu zimelala zikisubiri mwanga.

Mimea inayotangulia ina tabia zinazofanana. Hukua upesi, hupenda jua kali, hutoa mbegu nyingi ndogo na hufa mapema. Kishonanguo ni mfano mzuri. Mimea inayofuata hukua polepole, huvumilia kivuli ikiwa michanga, huwekeza nguvu kwenye mizizi na shina, na mbegu zake mara nyingi huletwa na ndege waliokuja kutua kwenye vichaka. Sasa tuyatazame mazao yetu kwa jicho hilo: mahindi, ngano, mtama na maharage yote yana tabia nyingi za watangulizi. Kila tunapolima na kuuacha udongo wazi, tunairudisha ardhi kwenye hatua yake ya kwanza na kuyaalika mazao yetu pamoja na washindani wao wa karibu kabisa. Ndiyo maana palizi haiishi.

Ushauri wa kwanza, kwa hiyo, ni kuikalia nafasi kabla haijakaliwa na magugu. Matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 huzuia mwanga usizifikie mbegu ndogo, ambazo hazina akiba ya chakula ya kutosha kupenya tabaka hilo. Mazao ya kufunika udongo, hasa ya jamii ya mikunde yanayotambaa, hufanya kazi hiyohiyo yakiwa hai, na bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni kutoka hewani. Kupunguza kulima nako husaidia, maana jembe huleta juu mbegu zilizokuwa zimezikwa na hukata nyuzi za kuvu wanaosaidia mizizi kupata fosforasi. Hata hivyo nisifiche upande wa pili: mkulima anayeacha kulima bila kufunika udongo hubadilishana tu magugu ya msimu na yale ya kudumu, ambayo ni mabaya zaidi. Ndago na sangari huenea kwa sehemu zilizo chini ya ardhi, na kuzikatakata kwa jembe bila kuzikusanya ni sawa na kuzipandikiza.

Suala la mbegu zilizolala linastahili uzito kuliko linavyopewa. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa za mbegu za magugu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe kwa awamu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, zaidi ya miaka 140 baadaye, bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Si kila gugu lina uvumilivu huo, lakini kanuni inabaki kwamba gugu lililoachwa likomae msimu huu litapaliliwa kwa misimu mingi ijayo. Hata pale ambapo mazao yamekwisha kukomaa na magugu hayawezi tena kupunguza mavuno, ng'oeni yanayotoa maua. Kwa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ambacho mmea wake mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, kazi hiyo ni ya lazima.

Kupumzisha shamba ni kuuruhusu mfuatano usonge mbele kwa muda, nao unaweza kuelekezwa. Wanasayansi walibishana sana juu ya jambo hili: Frederic Clements, katika kitabu chake cha mwaka 1916, aliiona jamii ya mimea kama kiumbe kinachokua kuelekea umbo moja la mwisho, ilhali Henry Gleason, mwaka 1926, alisisitiza nafasi ya bahati na ya kila aina ya mmea kwa upekee wake. Kwa mkulima, hoja ya Gleason ina manufaa zaidi, kwa sababu inamaanisha kwamba anayefika kwanza ana uzito katika kuamua kitakachofuata. Basi msisubiri kiote chochote. Pandeni mbaazi, utupa au sesbania ndani ya zao la mwisho kabla ya mapumziko, ili mvua zinazofuata ziikute mikunde imekwisha kutangulia. Sesbania huhifadhi minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana inayovimbisha mizizi, hivyo isifuatiwe na nyanya, na utupa usipandwe karibu na mabwawa ya samaki kwa kuwa una sumu inayowaua.

Palipo na visiki vilivyo hai, msipoteze fedha kununua miche. Chagueni machipukizi machache yaliyonyooka kwenye kila kisiki, pogoeni mengine, na yalindeni dhidi ya mifugo na moto. Mizizi iliyokomaa tayari huyapa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia.

Katika malisho, mfuatano huweza kwenda upande usiotakiwa. Mifugo mingi mno humaliza nyasi, na nyasi zikiisha, miche ya vichaka vya miiba hupata maji yote na huepuka moto uliokuwa ukiichoma, kwani moto huo ulienezwa na nyasi. Pumzisheni eneo mapema, na ng'oeni vichaka vingali vidogo, kwa kuwa vikikatwa vikubwa vingi huchipua upya.

Ili kuyaona mabadiliko haya kabla hayajawa tatizo, wekeni alama kwenye miraba mitano ya mita 1 kwa mita 1 katika sehemu tofauti za shamba, na kila msimu, kabla ya palizi ya kwanza, andikeni aina zilizoota na idadi yake. Gugu la kudumu likionekana kwenye mraba mmoja tu, bado linaweza kuchimbwa kwa mkono na kumalizwa siku hiyohiyo.