Jinsi ya kupanga kazi za mafundi AC kwa mafungu, mafundi wasishinde kwenye foleni za Dar

Siku moja nilimwandikia fundi "nenda Mbezi, AC mbili za kuosha" nikaendelea na chai yangu. Fundi alikuwa anatokea Tegeta, kwa hiyo akaenda Mbezi Beach, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Baada ya muda mteja ananipigia, "kaka mbona fundi wako ananiambia yuko Afrikana ya Mbezi Beach, mimi nipo Mbezi Mwisho huku stendi ya Magufuli?" Ile siku pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa kwenye bomba kabla ya gesi, tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, iko kwenye gari la huyo fundi, na mwenzake Makumbusho ameshafunga AC mpya anaisubiri hiyo pampu ndo afungulie gesi. Kazi mbili zikafa kwa neno moja.

Toka siku hiyo sipangi kazi kwa jinsi simu zilivyoingia. Nazifunga mafungu kwanza, halafu ndo nampa fundi fungu zima, sio kazi moja moja. Nawaelezea navyofanya, gari mbili na mafundi wanne, ofisi iko Mwenge.

Cha kwanza angalia barabara, achana na wilaya na hata kata. Dar imekaa kama kiganja, vidole vinatokea mjini: barabara ya Bagamoyo inaenda Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Bunju, ya Morogoro inaenda Ubungo, Kimara, Mbezi Mwisho hadi Kibaha, Nyerere inakupeleka Tazara, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, na Kilwa inashuka Mtongani, Mbagala. Kigamboni ni kidole cha peke yake, ukisimama Magogoni unayaona mapaa ya ng'ambo unasema hapa ni karibu, subiri uone foleni ya pantoni, na ukipita darajani Kurasini kuna kulipia kwa hiyo weka hiyo hela kwenye bei mapema sio uanze kumdai mteja mlangoni. Gari moja siku moja kidole kimoja, basi. Kuruka kidole kwenda kingine kwa Mandela au Sam Nujoma saa 11 jioni ni kujitafutia balaa tu. Goba ndo ina bahati, ina lami inatokea Tangi Bovu na nyingine inatokea Mbezi Mwisho, kwa hiyo mteja wa Goba mimi namuacha bila fungu mpaka jioni nione gari gani ina nafasi.

Sasa hapo wengi ndo wanaishia, wanapanga kwa eneo wanaona wamemaliza halafu wanashangaa mbona saa 9 bado fundi yuko kwa mteja wa kwanza. Tatizo ni kwamba wamechanganya kazi zenye muda unaojulikana na kazi za kamari. Kuosha AC ya 12000 BTU, ile saizi ya chumba cha kawaida, fundi na msaidizi wake wanatumia kama saa moja, mashine ikiwa haijafungwa juu sana na maji yapo, hiyo unaweza kuiandika kwenye karatasi ukalala. Lakini mteja akikwambia "AC haipoozi" hujui unachoenda kukutana nacho, inaweza ikawa filta tu imejaa vumbi dakika kumi umemaliza, inaweza ikawa kapasita, kale kakifaa ka kusaidia mota kuwaka, inaweza ikawa gesi imevuja na huwezi kujaza tu ukaondoka, lazima ujaze naitrojeni utafute tundu, uzibe, uvute vakyumu ndo urudishe gesi, hapo nusu siku imeondoka. Kazi kama hiyo ukiiweka asubuhi wateja wote wa nyuma yake wanaumia. Mimi kamari inakaa mwisho wa ruti siku zote.

Ila kuna wasioweza kusubiri mwisho, mwenye duka la dawa, chumba cha seva, nyumba yenye mgonjwa. Hao usiwavurugie fungu la gari, watumie mpelelezi. Mpelelezi ni fundi kwenye bodaboda na begi dogo, ana mita, bisibisi, kapasita tatu nne za saizi za kawaida, habebi ngazi wala mtungi wa gesi. Anaenda kuangalia tu. Ikiwa ni kapasita au waya umeliwa na panya anamaliza pale pale, ikiwa ni kuvuja anarudisha jibu kamili na sasa kamari yako imegeuka kazi inayojulikana, unaipanga kwenye fungu la kesho na vifaa vyake. Kwangu mimi huyu wa bodaboda ndo ameokoa hela nyingi kuliko gari ya pili, sitanii.

Ili haya yote yawezekane lazima umuulize mteja vizuri kwenye simu ile ya kwanza. Akutumie lokesheni ya WhatsApp, sio maelezo ya "ukifika kwenye mwembe uliza". AC ngapi, ghorofa ya ngapi, ile ya nje imening'inia ukutani au iko chini. Akupigie picha ya stika ya pembeni ya mashine ya nje, kwa sababu pale pameandikwa aina ya gesi. R22, R410A na R32 kila moja na mtungi wake, na geji ya kupima presha uliyotumia kwenye R22 usiichomeke kwenye R410A kizembe, oili zake haziendani. Ukiziweka kazi tatu za R410A kwenye gari moja unabeba mtungi mmoja, ukizitawanya kwenye gari mbili unatafuta mitungi miwili. Halafu muulize habari za getini, kuna apatimenti Masaki na Oysterbay mlinzi hafungui mpaka jina la fundi lifike usiku wa kuamkia.

Mfano wa siku yangu ya Jumanne ya kawaida kidole cha Bagamoyo. Gari inatoka Mwenge saa 2, foleni ya asubuhi inaingia mjini sisi tunatoka kwa hiyo tunapishana nayo. Afrikana AC tatu za kuosha mpaka saa 6, wanakula, Tegeta kwa Ndevu AC mbili mpaka saa 9 na kidogo, Bunju ile ya haipoozi. Jioni wanarudi mjini wakati watu wanatoka mjini, tena wanapishana na foleni. Kazi za Posta na Kariakoo hizo sizigusi katikati ya wiki, ofisi nyingi zinakubali Jumamosi ukiwaelewesha.

Halafu kuna kazi za undugu, hizi hazina uhusiano na barabara. Mtu anajenga, anataka AC tano. Hiyo sio kazi moja, ni kupima, kulaza bomba za kopa na dreni kabla ya plasta, kurudi kufunga mashine rangi ikishakauka, na kuwasha na kukabidhi. Zinaachana miezi. Ukiziandika kama kazi nne tofauti siku fundi wa plasta amechelewa utasahau kusogeza zilizobaki, unapeleka watu kufunga AC kwenye ukuta mbichi. Kwenye eksel yangu ile ya kwanza ina namba ya mama, tuseme 214, watoto wake ni 214A, 214B, 214C, mama akisogea nawatafuta watoto wote nawasogeza. Na fundi aliyelaza kopa ndo anarudi kufunga, yeye ndo anajua bomba limepita wapi, mwingine atatoboa.

Usijaze siku mpaka pomoni. Desemba mpaka Februari joto likipanda simu ni nyingi na kishawishi ni kuweka kazi sita kwa gari, mimi naishia nne. Masika ukipanga barabara ya Morogoro uliza kwanza Jangwani pakoje, pale mvua ikizidi panafurika.

Na mtu akighairi asubuhi? Ndo maana kila kidole kina orodha yake ya wasubiri, wateja wa kuosha ambao hawana haraka, nimewaambia toka mwanzo "nikipita huko na nafasi nitakupigia, sitakudai hela ya usafiri". Wa Afrikana kaghairi, nampigia mama wa Mbezi Beach, saa 4 fundi yuko mlangoni kwake na mama anaona kapendelewa.

Saa 1 usiku ndo natuma fungu zima kwa fundi, ujumbe mmoja: namba, lokesheni, AC ngapi, gesi gani, jina la kutaja getini. Mteja simpi saa kamili, namwambia kati ya saa 4 na saa 7. Na kwenye ile eksel kuna safu nyembamba kabisa mwanzoni, vijana wangu wanaicheka mpaka leo, imeandikwa "Mbezi ipi?"