Gazeti la ukutani likichanwa

Mimi hubandika langu karibu na stesheni ya Tabora, pembeni ya muuza karanga. Manila moja na maka peni nyeusi vinatosha. Gundi pika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Inashika kuliko ya dukani, ila mbuzi wanaipenda mno.

Likichanwa, lirudishe kwa jina jingine. Ndivyo alivyofanya Yu Youren, mwanahabari wa Kichina, kule Shanghai mwaka 1909. Gazeti lake Minhu Bao, "Wito wa Umma", lilipofungwa, akatoa Minxu Bao, "Mguno wa Umma": kwa Kichina ni herufi karibu ileile, imepungua vitone viwili, kama macho yaliyong'olewa. Nalo likafungwa. Mwaka 1910 akaja na Minli Bao.

Kwa hiyo jina liandike kwenye kipande chake, usije ukarudia gazeti zima.