Kipandikizi cha Koklea Katika Sikio la Pili: Jinsi ya Kuamua na Kulizoesha

Anayesikia kwa kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ili kuamsha kwa umeme neva ya usikivu ndani ya koklea (sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti), upande mmoja tu anaweza kufuata mazungumzo vizuri katika chumba tulivu, lakini akiitwa penye watu wengi hugeuka huku na huku asijue sauti imetoka wapi. Ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili, yaani lipi limefikiwa kwanza na lipi limeipokea kwa nguvu zaidi. Tena kichwa chenyewe hukinga sauti, hivyo maneno ya aliyeketi upande usio na kifaa humezwa na kelele. Vipandikizi viwili hupunguza sana taabu hiyo, na kimoja kikiharibika, kingine huendelea kufanya kazi.

Kabla ya kuamua, mwombe daktari wa masikio apime kila sikio peke yake. Ikiwa la pili bado linanufaika na kifaa cha kawaida cha kukuza sauti, usikimbilie upasuaji, kwa sababu unaweza kuondoa usikivu uliobaki. Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, hata hivyo, kuchelewa kuna gharama kubwa: njia za usikivu katika ubongo hujengeka miaka ya mwanzo, na sikio lililokaa kimya muda mrefu huwa gumu kufundishika. Aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo ahudumiwe upesi zaidi, maana mfupa unaweza kuota ndani ya koklea na kuziba njia ya elektrodi, yaani uzi mwembamba wa kipandikizi unaoingizwa humo. Uliza pia kuhusu chanjo ya kuzuia ugonjwa huo na kuhusu kizunguzungu, kwa kuwa kiungo cha kudhibiti mizani ya mwili kiko jirani kabisa na koklea.

Vifaa vikiwekwa kwa nyakati tofauti, kile cha pili mwanzoni husikika kama mlio usioeleweka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno. Kila siku, ukiwa mahali salama na tulivu, vua kifaa cha nje cha sikio la zamani, kisha usikilize kwa sikio jipya peke yake: kwanza tarakimu na majina unayoyajua, halafu sentensi fupi, baadaye hadithi inayosomwa huku ukiifuata kwa macho. Andika sauti unazozichanganya umpelekee mtaalamu wa usikivu, ili arekebishe kifaa kwa kufuata mahitaji yako. Muda uliobaki vaa vyote viwili, kwani kutambua upande wa sauti hujifunzwa kwa miezi, masikio yote yakifanya kazi pamoja.