Kutunza macho yenye uvimbe wa rosasea

Rosasea, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu usoni, haiishii mashavuni na puani. Huziba tezi ndogo za mafuta zilizo ukingoni mwa kope, machozi yakakauka upesi, na jicho likawa jekundu, likiwasha kana kwamba limeingia mchanga.

Nawa mikono, kisha vua lenzi za macho kama unazivaa. Lowesha kitambaa safi kwa maji yenye joto lisilounguza, kikamue, kisha kiweke juu ya macho uliyoyafumba kwa dakika 5 hadi 10. Wengi hukosea hapa: kitambaa hupoa haraka, nao hukiacha tu. Kiloweshe tena na tena, la sivyo mafuta yaliyoganda hayayeyuki. Hapo hapo kanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu, ndipo ufute magamba kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Tafadhali usikate tamaa mapema.

Matone ya steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) usijitilie bila daktari, yanaweza kupandisha presha ya jicho. Ukipata maumivu makali, mwanga ukikuumiza au ukiona ukungu, muone daktari wa macho siku hiyo hiyo: huenda konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, imeathirika.