Kufanya ACCA ukiwa kazini Nairobi: anza na karatasi zako kabla ya vitabu

Wengi wakiniuliza kuhusu ACCA, kile cheti cha uhasibu cha kimataifa kutoka Uingereza, wanataka kujua madarasa ya jioni yako wapi taoni ama nota za nani ni nzuri. Mimi nawaambia kwanza toa vyeti na transkripti zako uweke mezani, manake hapo ndio utajua safari yako ni ya pepa ngapi.

Pepa zote ni 13. Tatu za mwanzo ni BT (biashara na teknolojia), MA (uhasibu wa menejimenti) na FA (uhasibu wa fedha), kisha sita za katikati, LW (sheria), PM (usimamizi wa utendaji), TX (kodi), FR (ripoti za fedha), AA (odit) na FM (usimamizi wa fedha), halafu juu kabisa kuna SBL (uongozi wa biashara) na SBR (ripoti za fedha za ngazi ya juu) za lazima na mbili unachagua mwenyewe. Kama una digrii ya uhasibu unaweza kusamehewa hadi 9, na CPA, cheti cha uhasibu cha Kenya kinachotolewa na KASNEB, pia inaangaliwa. Lakini kila pepa unayosamehewa unailipia, na si lazima uchukue msamaha wote. Kama FR ulikariri tu kampasi ukapita na saa hii hukumbuki kitu, tafadhali ifanye, juu SBR imejengwa juu yake na huko hakuna mtu atakurudisha nyuma kukufundisha.

Pesa sasa. Usajili, ada ya kila mwaka, kila mtihani, zote ziko kwa paundi, kwa hivyo shilingi ikiteleza bajeti yako inateleza nayo. Mitihani mikubwa ni Machi, Juni, Septemba na Desemba (zile tatu za mwanzo na LW unaweza kufanya wakati wowote kwa kompyuta), na ukijiandikisha mapema unalipa kidogo kuliko yule wa dakika ya mwisho. Weka pesa kando kila mwisho wa mwezi, na kama huna kadi ya benki ile Visa ya M-Pesa GlobalPay unaweza kujaribu, ila usingoje siku ya mwisho ndio ujue kama inakubali. Kwa mtu wa kazi ya saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni na jam ya Thika Road, pepa mbili kwa awamu zinatosha sana.

Kusoma kwenyewe, fanya maswali kwa kompyuta tangu wiki ya kwanza. Chukua hii ya FR: kampuni mama imenunua asilimia 80 ya kampuni tanzu kwa 800,000, hisa za wenye ile asilimia 20 iliyobaki zina thamani ya 180,000, na mali halisi ya tanzu (mali ukitoa madeni) siku hiyo ni 700,000. Gudwili, yaani kile kinachozidi thamani ya hiyo mali halisi, ni 280,000. Wengi wanapiga hesabu kwa kalkuleta wanaandika 280000 kwa seli ya spredishiti basi. Usifanye hivyo, andika =800000+180000-700000, manake anayesahihisha anaona fomula, na ukikosea namba moja bado anaona njia yako na anaweza kukupa maksi za hatua. Alama ya kupita ni 50, na maksi mbili tatu za hivyo ndizo zinakuvusha.

TX ya Uingereza ukiichagua jua ni sheria za kule, mambo ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, utajifunza kivyake. Na kama ndoto yako ni kusaini ripoti za odit hapa Kenya, lazima uwe mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, mwenye leseni yao, kwa hivyo ulizia mapema ICPAK wanataka nini zaidi ya ACCA.

Sasa kitu kinachoumiza watu wengi bila wao kujua. Kupita pepa hakukufanyi mwanachama, unahitaji pia moduli ya maadili, miezi 36 ya kazi, na malengo ya kazi yaliyosainiwa na mhasibu aliyehitimu. Mimi nilifanya karibu miaka miwili kwa ofisi moja nikisema nitajaza rekodi ya hiyo kazi baadaye, bosi wangu akahama nchi, nikabaki kumtafuta kwa simu na imeli miezi mingi nikimwomba athibitishe kazi ambayo aliiona kwa macho yake. Iliniuma sana. Kwa hivyo kila baada ya miezi mitatu fungua rekodi yako, andika ulichofanya kwa maneno yako, kwa mfano ulipatanisha akaunti za benki ukagundua hundi imeingizwa mara mbili, kisha mwombe bosi nusu saa Ijumaa jioni kabla hajabeba mkoba, akae hapo na wewe mpaka asaini.