Namna ya kupanga likizo ya kifahari na tulivu Nyanda za Juu Kusini

Mtu mwenye fedha ya kutosha kupumzika vizuri nchini Tanzania huelekezwa mara nyingi Serengeti, Ngorongoro au Zanzibar, na sehemu hizo zinastahili sifa zake. Hata hivyo, aliyechoshwa na foleni za Dar es Salaam hapumziki kwa kulipa mamilioni ili magari kumi yapangane kumzunguka simba mmoja. Ukanda unaoanzia Iringa, ukapita Mufindi na Njombe hadi Mbeya na mwambao wa Ziwa Nyasa, bado una nafasi ambayo kwingineko imekuwa adimu, na ninaamini kwa dhati kwamba anayeupangia safari vizuri atapumzika kuliko aliyelipa mara mbili yake kwenye msongamano. Kanuni ninayoifuata ni moja: huku fedha itumike kununua nafasi na muda, na kila uamuzi kuhusu msimu, malazi na usafiri upimwe kwa kanuni hiyo.

Anza na kalenda kabla hujachagua hoteli. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha hufuata kipupwe chenye baridi kali na baada yake joto la Septemba na Oktoba. Vivutio viwili vikubwa vya ukanda huu, yaani Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, havipendezi kwa wakati mmoja. Ruaha hunoga ardhi inapokauka, kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati wanyama wanapolazimika kusogea kwenye maji. Kitulo hunoga mvua inaponyesha, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, maua yanapofunika uwanda mzima. Wapangaji wengi huviweka vyote viwili katika safari moja ya Agosti, na matokeo yake ni kwamba wanafika Kitulo wakakuta nyasi za kahawia na barafu nyembamba juu ya majani alfajiri. Kwa hiyo amua mapema kama unataka likizo ya wanyama, ambayo itakupeleka Ruaha na Mufindi, au likizo ya milima, maua na ziwa, ambayo itakupeleka Kitulo, Rungwe na Matema. Mwenye wiki moja tu achague upande mmoja na kuufaidi.

Kwa anayechagua Ruaha, suala la kwanza ni mahali pa kulala, na hapa ndipo ninaposhauri fedha itumike bila woga. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 2008 kwa kuongezewa sehemu ya bonde la Usangu, na ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa nchini, lakini hupokea sehemu ndogo tu ya wageni wanaokwenda kaskazini. Malazi ya bei nafuu yapo nje ya lango, upande wa kijiji cha Tungamalenga, na ni mazuri kwa bajeti ya kawaida; ila anayelala nje hupoteza saa ile ya alfajiri ambayo simba na chui bado wanatembea mahali pa wazi, kwa sababu anakuwa njiani kuelekea langoni. Kambi zilizo ndani ya hifadhi, nyingi zikiwa na mahema machache tu, hukuamsha ukiwa tayari katikati ya pori. Tafuta kambi iliyo kando ya Mto Ruaha Mkuu au kando ya Mwagusi, ambao kiangazi huwa mto wa mchanga mtupu. Tembo huchimba mchanga wa Mwagusi kwa miguu na mikonga hadi maji yatokee, na wanyama wengine husubiri zamu yao, kwa hiyo mgeni aliyeketi kimya barazani kwa saa mbili anaweza kuona mengi kuliko aliyezunguka na gari asubuhi nzima.

Jambo moja lieleweke kuhusu mto wenyewe. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi katika sehemu inayopita hifadhini, kwa sababu kubwa ya maji kuchepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji huko juu Usangu na kuharibika kwa ardhi oevu ya Ihefu. Anayekwenda Oktoba ataona viboko wamebanana kwenye madimbwi yaliyobaki, na ni picha nzito kuitazama. Anayependelea mto wenye maji na upepo usio wa vumbi aende Juni au mwanzoni mwa Julai, ingawa nyasi ndefu zitamficha mnyama hapa na pale. Mimi huwashauri watu Julai kwa sababu hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa amana, iulize kambi maswali ya moja kwa moja na utake majibu kwa maandishi. Je, gari la matembezi litakuwa la familia yako peke yake au utachanganywa na wageni wengine? Gari la peke yako huongeza gharama, lakini ndilo linalokupa haki ya kukaa saa nzima kwenye kundi moja la mbwa mwitu bila mtu nyuma yako kuharakisha. Je, kuna matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye silaha? Je, watoto wa umri gani wanapokelewa, kwa kuwa kambi kadhaa huwakataa wadogo? Je, ina bei ya raia na wakazi wa Afrika Mashariki? Swali hili la mwisho lisisahauliwe kamwe, kwani bei inayotangazwa kwa dola mara nyingi ni ya wageni wa nje, na tofauti yake ni kubwa. Kwa upande wa hifadhi zenyewe, raia hulipa viingilio vya chini sana kwa shilingi, hivyo kila mtu mzima asafiri na kitambulisho chake cha taifa. Uliza kiingilio kinadumu kwa saa ngapi, na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu kupitia benki, simu au kadi. Usitegemee kulipa kwa noti langoni.

Usiku usiopungua mitatu unafaa Ruaha. Mwendo wa kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na mtu akitumia siku moja kuingia na nyingine kutoka, usiku mmoja humwachia uchovu tu. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutua ndani ya hifadhi na huokoa siku nzima kila upande, ila mzigo kwa kawaida huwekewa kikomo cha kilo 15 katika begi laini lisilo na fremu ngumu, kwa hiyo pima mabegi nyumbani. Nguo ziwe za kaki au kijani kilichofifia. Mbung'o hufuata rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na uchungu wake huharibu asubuhi nzuri.

Ukitoka Ruaha usirudi mjini moja kwa moja. Panda Mufindi, ukichepuka kutoka barabara kuu pale Mafinga, ulale usiku miwili au mitatu kwenye nyumba za wageni zilizo kati ya mashamba ya chai na mabaki ya msitu wa asili. Baada ya joto na vumbi la bondeni, baridi ya Mufindi, moto wa kuni sebuleni na ukungu unaotambaa juu ya chai ni tiba kamili. Hakuna haja ya ratiba huko. Tembea, panda farasi pale wanapokuwapo, soma, lala mchana. Njiani, Iringa inastahili nusu siku: nguzo za udongo na zana za mawe za kale za Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, hutazamwa vizuri asubuhi kabla jua halijawa kali, na Kalenga lipo jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukikutana na wazee huko, waamkie kwa "kamwene", kisha waache wao waongoze mazungumzo.

Likizo ya upande wa Mbeya hupangwa kwa namna nyingine, kwa sababu hoteli za kifahari ni chache na hazikukaa karibu na kila kivutio. Chagua kituo kimoja kizuri, kwa mfano kwenye mashamba ya kahawa ya Utengule nje kidogo ya mji, kisha fanya safari za kutwa ukiwa na gari imara na dereva anayezijua barabara za mvua. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ipo kwenye uwanda ulioinuka takribani mita 2,600, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina maua ya okidi ya aina nyingi, pamoja na ndege aitwaye tandawala anayetembea nyasini kwa madaha, na hutembelewa kwa miguu kwa raha kwani huko hakuna simba wala tembo. Njia ya Chimala kwenda Matamba hupanda mlima kwa kona zinazojulikana kwa jina la Hamsini na Saba. Mandhari yake ni ya ajabu, lakini kukiwa na mvua kubwa ni heri kuzungukia Isyonje, upande wa barabara ya Tukuyu, na hata hapo uulize hali ya njia asubuhi hiyo hiyo. Usichume ua wala kung'oa kiazi cha okidi. Biashara ya viazi hivyo kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, ilikuwa miongoni mwa sababu za uwanda huo kulindwa.

Siku nyingine ipe Rungwe. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta katika safu ya Poroto, hufikiwa kwa kupanda msituni kwenye njia yenye utelezi, hivyo mchukue mwongozaji wa hapo kijijini na umlipe vizuri. Tukuyu hupata mvua nyingi sana, na mwavuli hautoshi. Koti la mvua na viatu vyenye meno vinahitajika. Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone, ina maji safi, mchanga na vyungu vya Wakisi vinavyouzwa kando ya ziwa, ila malazi yake mengi ni ya kawaida. Nenda ukijua hivyo, omba chumba kinachotazama maji, beba chandarua chako na dawa za kuzuia malaria, na hutajuta.

Kuhusu usafiri wa kufika Mbeya, ndege zinazotua Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya, ndizo rahisi. Treni ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita kwenye madaraja na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo hakuna barabara kuu inayokuonyesha mandhari ile, na anayenunua vitanda vyote vinne vya chumba kimoja cha daraja la kwanza hubaki nacho peke yake. Hakikisha kituoni kwamba treni inatembea wiki hiyo, na usiitumie kurudi siku moja kabla ya kuingia kazini, kwani huchelewa kwa saa nyingi.

Utulivu wa ukanda huu una siku zake za kupotea, na wenyeji wanazijua. Wiki ya kwanza ya Agosti, maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale hujaza vyumba vya Mbeya. Misimu ya mahafali hujaza Iringa, ambayo ni mji wa vyuo vikuu, na mwisho wa Desemba watu wa kusini hurudi nyumbani kwa wingi. Safari inayoanza Jumapili au Jumatatu, nje ya tarehe hizo, hukupa barabara na vyumba vyenye nafasi.

Mpangilio wa kuweka nafasi uwe huu: kambi ya Ruaha kwanza, miezi sita au zaidi kabla ya Julai, kwa kuwa mahema ni machache na huisha mapema, kisha ndege, baadaye gari na dereva, na mwisho nyumba ya Mufindi au hoteli ya Mbeya. Soma masharti ya kurejeshewa fedha kabla ya kulipa, na kwa safari ya mwezi Aprili au Mei uliza kwanza kama kambi iko wazi, maana nyingi hufunga kipindi hicho. Ulizia pia utaratibu wa bakshishi, kwani kambi nyingine zina sanduku la pamoja linalowafikia hata wapishi na wafua nguo. Usiku wa mwisho lala karibu na kiwanja cha ndege, na acha siku moja tupu kati ya kurejea na kazi, kwa sababu ukungu wa milimani huweza kuichelewesha ndege ya asubuhi.